Kabla Hamjaandika "Tabia": Kwa Walezi Wapya

Wadogo zangu, majuzi mafua yaliingia katika nyumba yetu ya kulelea watu wenye ulemavu wa akili hapa Uingereza, na nilipofungua kumbukumbu za zamu nikakuta mmoja wenu ameandika kwamba mkazi "amekataa chai, anasumbua, ni tabia tu". Ulimi uliniwasha, nikaumeza. Wengi wenu mlifika baada ya UVIKO-19, mkadhani mlipuko ni mambo ya barakoa na vitakasa mikono.

1. Barakoa mnazijua. Kwa mkazi anayesoma midomo, vaeni ile yenye sehemu angavu mdomoni.

2. Msiandike "tabia" kabla ya kupima joto na oksijeni, na kuuliza mkazi alipata choo lini. Mwaka 2020 mimi ndiye niliyeliandika neno hilo. Tulikuwa na kijana asiyeongea, ambaye kila jioni alipanga mlangoni viatu vya nyumba nzima. Jioni moja hakuvigusa. Alikaa sakafuni akijipiga sikio, na kila nilipomsogezea kikombe alikisukuma kwa kiganja. Joto lake lilikuwa la kawaida, hakukohoa, na mwongozo wa wakati ule ulitaja homa na kikohozi tu. Kupoteza harufu na ladha kuliongezwa tarehe 18 Mei. Nikaamua kwamba amenuna kwa sababu mama yake amezuiwa kumtembelea. Yalikuwa maelezo yenye huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonipumbaza. Mwenzangu wa usiku alisoma nilichoandika, akamwacha apumzike. Alfajiri midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, ilhali kipima oksijeni kilikuwa ndani ya droo ninamoweka kalamu. Nilipompigia mama yake simu, aliuliza jambo moja: "Jana alipanga viatu?" Kijana alipona, baada ya kulazwa muda mrefu miongoni mwa watu wasiojua ishara zake.

Wengi hawakupona. Ripoti ya Novemba 2020 ya Public Health England, lililokuwa shirika la afya ya umma la huku, ilikadiria kwamba, katika wimbi la kwanza, watu wenye ulemavu wa akili huenda walikufa kwa UVIKO-19 kwa kiwango cha hadi mara 6 ya wengine, umri na jinsia vikizingatiwa. Kwa wenye miaka 18 hadi 34 kiwango kilikuwa mara 30.

3. Kipima oksijeni huweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko cha kweli kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo hesabuni pumzi pia.

4. Ile pasipoti ya hospitali, inayoeleza jinsi mkazi anavyoonyesha maumivu, ipande gari la wagonjwa pamoja naye. Ikibaki kabatini haimsaidii yeyote.

5. Someni fomu kabla ya kuziweka kwenye jalada, hasa ya kutomhuisha mgonjwa moyo ukisimama. Machi 2020 mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, ulielekeza wagonjwa wapimwe kwa kipimo cha udhaifu wa mwili ili kusaidia kuamua nani apewe huduma ya mahututi, ambacho kingemhesabu kuwa dhaifu mtu anayehitaji tu kusaidiwa kuoga. Ulirekebishwa siku chache baadaye ili kipimo hicho kisitumike kwa wenye ulemavu wa akili au usonji. Hata hivyo, fomu zilizojazwa bila mkazi wala familia kushirikishwa ziliendelea kuonekana. Mkikuta sababu iliyoandikwa ni ulemavu wenyewe, mpigieni daktari kabla zamu haijaisha. Akifoka, mpeni namba yangu. Mimi nimeshazoea kufokewa.