Usilipe hiyo 80,000, kwanza kachukue kadi yako

Mkuu, kadi yako halisi ya leseni ya udereva iko wapi muda huu? Umeandika kwamba mwajiri wa Uarabuni anataka uthibitisho wa leseni yako, na kwamba kadi umeshaiacha kwenye steshenari ya karibu na stendi hapo Lindi, jamaa amekuahidi "uthibitisho wa leseni na kumbukumbu zake" kwa 80,000, na Ijumaa unampelekea hela. Nimesoma nikaacha chakula mezani. Usimpelekee. Kaichukue kadi kesho asubuhi akifungua tu, na akikwambia imeshatumwa Dar, usiondoke hapo mpaka akuonyeshe risiti ya basi na jina la aliyeipokea.

Umeuliza kama bei hiyo ni ya haki, na uthibitisho unachukua siku ngapi. Bei nakujibu sasa hivi. Leseni yenyewe ya miaka 5 ada yake ni 70,000, na kwa hela hiyo unapimwa alama za vidole, unapigwa picha na unapewa kadi. Huyu anataka 80,000 kwa karatasi moja anayoichapa mwenyewe pale pale anapotolea kopi za vyeti vya watoto wa shule.

Na nyie wakuu wawili mliomjibu humu "lipa tu mambo yaende", mngemwuliza kwanza karatasi hiyo inasainiwa na nani.

Mimi ni dereva wa lori, nipo Mtwara. Nimebeba korosho za Tandahimba na Newala kuleta bandarini, nimebeba saruji hadi Songea, njia ya Masasi na Tunduru naijua kwa kona. Mwanzoni mwa 2024 nikapata mkataba wa trela huko Ghuba, Uarabuni, miaka miwili, chakula na malazi juu yao. Masharti yalikuwa kama haya yako: barua inayothibitisha leseni ni ya kweli, ni ya madaraja gani, nimekuwa nayo tangu lini, na kama iliwahi kufungiwa.

Nilianza kwa wakili. Nikatoa kopi ya kadi mbele na nyuma, akaisetifai, nikalipa 10,000, nikaipiga picha nikaituma. Baada ya siku tatu wakairudisha. Wakala aliyenitafutia kazi akanipigia kunieleza, na sikumwelewa, nikaona wananizungusha. Leo namwelewa, na wakili yule simlaumu hata kidogo, alifanya kazi yake. Muhuri wa wakili unasema hivi: nimeiona kadi, nimeiona kopi, zinafanana. Basi. Wakili hajui kama namba ile ya leseni ipo kwenye mfumo wa serikali au mtu aliichapisha uchochoroni. Hata kadi ya kughushi ukiitoa kopi safi, kopi itafanana nayo. Mwajiri wa kule hana shida na kopi. Anataka mtu aliyeifungua kumbukumbu yako akaisoma, kisha akaweka jina na cheo chake chini.

Hapo ndipo ningeuliza swali moja tu, nani anaweza kuifungua hiyo kumbukumbu, na nisingepoteza kitu. Sikuuliza. Dereva mwenzangu, mtu ninayemheshimu, akaniambia kuna kijana ana mtu wake Dar, alimfanyia binamu yake, ndani ya wiki mbili kila kitu tayari. Nikaenda. Kijana msafi, anaongea kwa adabu, kila sentensi "mzee wangu". Akataka 150,000, kadi halisi na pasipoti. Akasema bila vitu halisi huko Dar hawapokei. Nikampa vyote viwili. Nilimpa kwa mkono wangu, mkuu, na risiti sikudai, kwa sababu aliletwa na rafiki.

Hiyo ilikuwa mwisho wa Aprili. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya. Nyote mnakumbuka, mvua ile ilikata barabara ya Dar kule Somanga, mabasi yakalala njiani, wengine wakazungukia Songea ili wafike Dar. Kila nikimpigia kijana ananiambia mzigo umekwama, barabara mbovu, mzee wangu vumilia. Ningebisha vipi? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeegesha lori kwa sababu hiyo hiyo. Magari yakaanza kupita, yeye bado barabara mbovu. Wiki ya tatu akaja na lugha nyingine: inatakiwa 80,000 ya ubalozi. Nikauza pikipiki iliyokuwa inamwingizia mama watoto hela ya kila siku, nikatoa 80,000 humo, iliyobaki ikaenda kwenye vipimo vya afya.

Mwezi wa sita barua ikafika. Nzuri kupita kiasi. Nembo, mihuri miwili, saini ya wino wa bluu, na imeandikwa kwamba nina leseni daraja E tangu 2004, sijawahi kufungiwa, sina kosa lolote. Nilifurahi mpaka nikaipeleka kwa mama kijijini akaishika.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipoangukia. Ile 2004 ni kweli. Nimeanza kuendesha na leseni ya karatasi mwaka huo. Lakini leseni za kadi zimekuja 2010, mimi nikabadilisha 2011, na kwenye mfumo historia yangu inaanzia 2011. Kijana aliniuliza umeanza lini, nikamjibu, akaandika nilichomwambia. Hakuna mtu aliyefungua chochote. Kule Ghuba hawakuishia kuisoma barua, waliandika barua pepe kwa mamlaka kuuliza kama barua hiyo imetoka kwao. Jibu likaenda: hatuitambui, na mwenye namba hii ya leseni kwetu anaonekana tangu 2011.

Niambie utajitetea vipi. Nilichosema ni kweli, udereva wangu ni wa kweli, kadi yangu ni ya kweli, lakini karatasi iliyobeba ukweli huo imeghushiwa, na jina lililoandikwa juu yake ni langu. Kijana hayumo popote kwenye karatasi ile. Mkataba ukafutwa siku hiyo hiyo, na wakala akaniambia waziwazi kwamba jina langu hatalipeleka tena kwa mwajiri yeyote. Nilikuwa nimeshaaga kazini. Na kwa sheria za nchi hii, kuwasilisha hati ya kughushi ukijua ni jinai. Nilipokwenda kueleza kwamba sikujua, nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alasiri nikiwaza watoto.

Kijana simu ikazima. Pasipoti niliipata kwa kumfuata shangazi yake Mikindani. Kadi sikuipata mpaka leo, nikaripoti polisi nikapewa ripoti ya upotevu, nikatoa kadi mpya, nikaanza upya.

Nina hasira naye bado, siwezi kudanganya. Alinitazama mtu mzima mwenye familia akala hela ya pikipiki ya mke wangu, na angalau angenitengenezea barua mbaya mbaya ningeshtuka. Lakini alinitengenezea nzuri. Mnaosema "dereva mzima anatapeliwaje", nawajibu: njooni mshuke mteremko wa Newala usiku na tani za korosho mgongoni, halafu tuzungumze nani mjinga. Mimi najua gia na breki. Mambo ya mihuri hakuna aliyenifundisha, na wewe mkuu hakuna aliyekufundisha, ndiyo maana naandika.

Kanuni ni moja: leseni inathibitishwa na aliyeitoa, baada ya kuifungua kumbukumbu yako. Karatasi yoyote ambayo haikupita kwa huyo ni hatari, hata kama kila neno lililomo ni kweli.

Na hapa kwetu aliyeitoa ana mikono miwili. Polisi wa usalama barabarani ndio wanaokupima udereva, na ndio wenye habari za makosa na kufungiwa. TRA, mamlaka ya mapato, ndio wanaokusajili, wanapokea ada na kutoa kadi. Kwa hiyo ukitakiwa uthibitisho wa leseni pamoja na kumbukumbu zake, usishangae ukianzia dirisha moja ukapelekwa jingine. Siyo kuzungushwa, kila mmoja anathibitisha anachokitunza. Na ofisi zipo Lindi hapo hapo, trafiki mkoa na TRA mkoa, hakuna haja ya "mtu wa Dar" kuanza safari hii.

Mimi mara ya pili niliandika barua mwenyewe kwa mkono wangu, ukurasa mmoja. Jina kama lilivyo kwenye leseni, namba ya leseni, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), nani anautaka uthibitisho na kwa ajili gani, na mambo ninayoomba yathibitishwe moja moja: uhalali, madaraja, tarehe ya kutolewa na ya kuisha, makosa, kufungiwa. Usiandike tu "naomba uthibitisho wa leseni yangu", maana utapewa mstari mmoja na mwajiri atarudi kuuliza yaliyobaki. Nikaambatanisha kopi ya leseni, kitambulisho, pasipoti na barua ya mwajiri. Kadi halisi nilikwenda nayo mfukoni, ikaangaliwa mbele yangu, nikarudi nayo mfukoni.

Kabla ya hapo angalia faini zako. Zipo kwenye mtandao wa polisi, unaweka namba ya leseni au ya gari, unaona deni. Mimi nilikuta mbili za 30,000 kila moja nilizokuwa nimesahau kabisa, moja ya taa na moja ya mwendo. Nikazilipa kwanza. Angalia pia majina. Kama leseni inasema Hamisi na pasipoti inasema Khamis, shughulikia hilo mapema, kwa sababu kwa Mwarabu na kwa kompyuta hao ni watu wawili.

Na tarehe. Mwambie anayekuandikia aandike ile iliyo kwenye mfumo, hata kama inakupunguzia miaka. Kama umeanza kabla ya kadi na bado unayo leseni yako ya karatasi, itunze kama hati ya shamba, ambatanisha kopi yake na barua za waajiri wa zamani kuonyesha uzoefu. Hayo ni maelezo ya pembeni, yanakubalika yakiwa pembeni. Usiyalazimishe yaingie ndani ya uthibitisho. Mimi ya karatasi niliitupa 2011 nikiona haina kazi tena.

Malipo yoyote ya serikali yana kontroo namba, ile namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa serikali. Ukiombwa utume hela kwenye namba ya simu ya mtu, iwe 5,000 iwe 80,000, ondoka. Hiyo peke yake ingeniokoa.

Siku ngapi? Mimi yangu ilichukua siku nane za kazi, na siku mbili kati ya hizo ni mimi kurudi kuandika barua upya kwa sababu sikutaja madaraja. Barua ilikuwa fupi, haina mapambo, muhuri mmoja, ina kumbukumbu namba na jina la aliyesaini. Ukiiweka jirani na ile ya kijana ungesema ya kijana ndiyo ya serikali. Lakini hii mwajiri akiandika kuuliza, upande wa pili kuna mtu wa kujibu ndiyo. Muhuri wa wizara ya mambo ya nje na wa ubalozi kama mwajiri wako anautaka unakuja juu ya barua hii. Ukiweka mihuri hiyo juu ya kitu kilichoanza kwa uongo, unauongezea uongo uzito tu.

Ghuba sikwenda tena, yule wakala hakubadili neno. Barua hiyo ndiyo iliyonipatia kazi niliyonayo sasa ya kuvuka na mizigo kwenda Msumbiji kupitia Daraja la Umoja, na mwenye kampuni alipiga simu kuihakiki mimi nikiwa nimekaa mbele yake. Sikuwahi kukaa kwenye kiti nimetulia vile.

Alhamisi napandisha mzigo kwenda Dar, mchana nitasimama Mnazi Mmoja ya Lindi, siyo ya Dar, kula. Kama unaweza kufika toka Lindi mjini, njoo na rasimu ya barua yako niisome kabla hujaipeleka. Nitumie ujumbe humu ndani nikupe namba za gari. Njoo na kadi.