Mgonjwa wa tiba ya kinga akihara, usisubiri kesho

Kaka yangu alipoanza kutibiwa saratani ya mapafu, mimi ndiye niliyemsindikiza hospitalini kila baada ya wiki tatu. Dripu ya pembrolizumabu, dawa ya tiba ya kinga, yaani inayoiachia kinga ya mwili ipambane na saratani, ilichukua nusu saa tu. Hakutapika, nywele hazikunyonyoka, na jioni alikula kama kawaida. Tukadhani tumepata dawa nyepesi. Kosa letu lilianzia hapo.

Dawa hii yenyewe haiui saratani. Mwilini mna seli T, askari wanaoshambulia kilicho kigeni au kilichoharibika. Askari hao wana breki, wasije wakaugeukia mwili wanaoulinda. Saratani nyingi huikanyaga breki hiyo ili zipite bila kuguswa, na dawa hufanya kazi ya kuuondoa mguu wa saratani hapo. Breki iliyomhusu kaka inaitwa PD-1. Tasuku Honjo wa Japani, aliyeigundua, na James Allison wa Marekani, aliyeichunguza breki nyingine ya CTLA-4, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Sasa fikiria: breki ikishaachiwa, askari wanaweza kuvamia popote. Utumbo mpana, mapafu, ini, ngozi, tezi ya thairoidi, kongosho, hata moyo, ingawa huo ni mara chache. Maelezo haya tulipewa siku ya kwanza, kwenye karatasi. Tuliikunja tukaiweka kabatini.

Mwezi wa tatu kaka akaanza kuhara. Tukasingizia chakula, tukanunua vidonge vya kufunga tumbo. Siku ya nne ikaonekana damu. Tulipofika kwenye kitengo cha dharura nikasema, "Anatumia dawa za saratani." Aliyetupokea akaelewa ni kemotherapi, akampa antibiotiki, tukarudi nyumbani. Siku mbili nyingine zikapotea. Nilipompigia nesi wa saratani aliniuliza jambo moja tu: "Anaenda choo mara ngapi zaidi ya kawaida yake?" Nikamwambia mara saba. Akasema, mlete sasa hivi.

Utumbo ulikuwa umevimba kwa kushambuliwa na kinga yake mwenyewe. Kilichomwokoa ni steroidi, dawa za kutuliza kinga, za dozi kubwa, kisha vidonge vya prednisoloni vilivyopunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Hapa nawasihi: usiache steroidi kwa ghafla kwa sababu tu mgonjwa amepata nafuu. Uvimbe unaweza kurudi, na mwili uliozoea dawa unaweza kuzidiwa.

Kwa hiyo ukifika hospitali yoyote, taja jina la dawa na useme waziwazi "tiba ya kinga, si kemotherapi". Vidonge vya kufunga tumbo usimpe kabla ya kuongea na timu yake, maana vinaweza kuficha hali inayozidi kuwa mbaya. Kikohozi kipya au pumzi fupi msiihusishe tu na saratani ya mapafu. Huenda ni mapafu yanayoshambuliwa. Uchovu usioisha au kichwa kuuma mfululizo huenda ni tezi za homoni zinazoshambuliwa, na kipimo cha damu kitasaidia kujua. Tena madhara haya yanaweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, wakati kila mtu ameshasahau.

Watu wengi huniuliza kama ndugu yao naye apewe "ile dawa ya kinga". Siwezi kuwajibu, na jirani hawezi pia. Sampuli ya uvimbe ndiyo huongoza. Trastuzumabu, kwa mfano, ni kingamwili iliyotengenezwa kushika HER2, protini iliyo juu ya seli za baadhi ya saratani, na mwenye saratani ya matiti isiyo na HER2 ya kutosha haitamfaa. Anayeipata hupimwa moyo mara kwa mara. Saratani ya kibofu ya hatua za mwanzo nayo hutibiwa kwa BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu, ikiingizwa ndani ya kibofu. Zote huitwa tiba za kibayolojia, lakini madhara yake hayafanani. Na mitishamba ya "kuongeza kinga", mwambieni daktari kabla ya kuitumia, hata kama aliyewaletea ni mtu mnayempenda.

Kaka hakurudishiwa dawa ile. Kadi yenye jina lake, tarehe ya dripu ya mwisho na namba ya nesi bado inakaa kwenye pochi yake, na nakala nimeibandika nyuma ya simu yangu.