Jibu: Meno hayajatoboka lakini fizi zinatoka damu, sukari inahusikaje?

Mkuu wa Nachingwea, umesema fizi zinatoka damu kila ukipiga mswaki, na kwa kuwa huna jino lenye tundu, unaona sukari inasingiziwa. Mimi nami nilijipa moyo hivyohivyo mpaka jino la mbele chini likaanza kucheza.

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho, Tandahimba. Msimu ukifunguliwa foleni ya magunia haikatiki, na chai haikatiki. Kikombe changu vijiko vinne, nafyonza kidogokidogo kutwa, kati yake soda na kashata. Kunywa namna hiyo ndiko kulikoniponza: mdomo haupumziki. Bakteria wa ule ukoga wa shingoni mwa jino huigeuza sukari kuwa kama gundi, ukoga unanata na kunenepa. Usipotolewa unagandamana kuwa ugaga, na ugaga haung'oki kwa mswaki wala maji ya chumvi (nimesukutua mwezi mzima, hakuna kitu).

Fizi inavimba, kisha inaliachia jino na kufanya mfuko. Daktari aliingiza kijichuma chenye alama za milimita: fizi nzima husoma 1 hadi 3, yangu ilisoma 6. Kwenye eksirei nikaona mfupa umeshuka, jino limebaki kama nguzo ya uzio iliyofukuliwa mchanga. Nyuzi zinazolifunga jino kwenye mfupa nazo zilikuwa zimeliwa. Mfupa huo haurudi wenyewe.

Akanipima sukari ya damu kabla sijala: 6.6. "Kisukari bado, ila umeshapiga hodi." Kumbe sukari ikipanda mwilini fizi hupona kwa taabu, na fizi zikivimba sukari nayo hushuka kwa taabu.

Sigara pia inaua fizi, na uchafu ndio chanzo. Sukari ni mbolea. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, kwa mtu mzima kama vijiko 12 vya chai kwa siku. Mimi nilivimaliza kwenye kikombe cha tatu, kabla ya saa nne asubuhi.

Nilikwanguliwa ugaga mara mbili. Sasa kijiko kimoja, tena wakati wa kula tu. Damu ilikata baada ya wiki tatu hivi. Jino bado linacheza kidogo. Korosho nazitafunia magego.