Panga mlo kwanza, vivutio vitafuata

Asubuhi mna shughuli iliyowaleta mjini, jioni mna nyingine, na hapo katikati mmebaki na saa 4 au 5 za kwenu. Mnaweza kuzifurahia, au mkarudi hotelini mmenuniana. Sisi yametukuta yote mawili.

Zamani nilikuwa naanza na vivutio. Naorodhesha sehemu 6, nazipanga kwa ukaribu, chakula nasema tutakipata njiani. Siku moja, saa 9 alasiri, tulikuwa ndiyo kwanza tunatoka sehemu ya tatu. Kitinda mimba wetu, miaka 5, alikuwa ameshaacha hata kulia. Kashika mkanda wa mkoba wangu anautafuna, macho yako mbali. Mama yangu kakaa kwenye ngazi, kavua kiatu kimoja, anajikanda kifundo cha mguu huku akituambia hajambo. Mgahawa wa kwanza tuliouendea, jiko limefungwa hadi jioni. Wa pili vilevile. Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimewatesa watu ninaowapenda kwa ajili ya orodha.

Tangu siku ile naanza na mlo. Nachagua pa kula na saa ya kula, ndipo naangalia kuna nini cha kuona kwa mwendo wa dakika 10 au 15 kutoka pale. Kitu kimoja kabla ya kula, kimoja baada ya kula, basi.

Kuleni mapema, saa 5 na nusu au 6 hivi, kabla watu hawajajaa. Meza mtapata, chakula hakichelewi, na mtoto anakula kabla njaa haijamtoa machozi. Ulizeni mapema kama jiko hufungwa mchana, maana miji mingi mikubwa migahawa hupumzika kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Uliza pia habari za ngazi, choo, na kiti cha mtoto. Usione aibu kuuliza. Swali la ngazi peke yake limeshamwokoa mama mara nyingi. Na ule mgahawa unaotazamana na kivutio chenyewe, mimi naupita. Ingia mitaa miwili nyuma, utafute wenye menyu fupi na wenyeji waliokuja na watoto wao.

Kuhusu makumbusho, angalia siku ya kufungwa kabla ya kumwahidi mtoto. Louvre ya Paris hufungwa Jumanne, Metropolitan ya New York Jumatano, na nyingine nyingi Jumatatu. Angalia na saa ya mwisho ya kuingia, kwa kuwa mlango huwahi kufungwa kabla ya jengo lenyewe.

Halafu msitake kumaliza. Louvre huonyesha kazi zipatazo 35,000. Ukiipa kila moja dakika 1, kwa saa 8 kila siku, utakaa humo zaidi ya miezi 2. Kwa hiyo sisi humwachia mtoto achague chumba kimoja, awe kiongozi wetu. Akishajua kwamba leo ni zamu yake, hata hatua zake hubadilika, anatuvuta yeye.

Mkichoka, pandeni basi la kawaida, tramu au kivuko, mwende hadi kituo cha mwisho na kurudi. Mji utauona dirishani, miguu imepumzika. Kwa wazee na watoto wadogo sijaona matembezi mazuri kuliko haya.

Safari iliyopita tuliona vitu 2 tu: daraja, na chumba kimoja cha makumbusho alichochagua mtoto, chenye mavazi ya chuma ya vita. Wakati wa kula aliyachora kwenye karatasi ya kufutia mikono, akamuuliza bibi yake askari alijikunaje mgongo ndani ya chuma kile. Bibi akainua uma, akamwonyesha.