Dawa za macho za steroidi: kali kwa jicho lipi?

Daktari, nina yuveitisi, ule uvimbe wa ndani ya jicho, nimeandikiwa prednisoloni. Jirani kapewa fluorometholoni. Yangu ndiyo kali zaidi?

Ndiyo, na ukali huo unauhitaji. Prednisoloni asetati ya asilimia 1 hupenya kioo cha jicho hadi ndani, kwenye uvimbe wako. Fluorometholoni haizami sana, kazi yake ni juu juu, kama kwenye mzio. Jirani hakupunjwa. Ila tikisa chupa kila mara! Unga wa dawa hutuama chini, na wengi wanaolalamika kwamba "dawa imekataa" ukiwauliza, hawatikisi.

Deksamethasoni inanisaidia, mbona kliniki kila nikienda napimwa presha ya jicho?

Kwa sababu ni miongoni mwa zinazoipandisha zaidi. Mara nyingi hupanda baada ya wiki 2 hadi 6 za kutumia dawa, nawe husikii maumivu. Ikiachwa huharibu neva ya jicho, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Kama mzazi au ndugu yako ana glakoma, yaani ugonjwa huo wa kuharibika neva ya jicho, mwambie daktari wako mapema. Ipo loteprednoli, ambayo mwili huivunja upesi ikishafanya kazi, kwa hiyo hugusa presha kidogo. Kwa uvimbe mkali wa ndani, mimi singeanza nayo.

Mwanangu wa miaka 7 macho humwasha kila msimu wa vumbi. Dukani huniuzia deksamethasoni iliyochanganywa na jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, na anapoa siku hiyo hiyo. Niendelee?

Usiendelee, mama. Kinachopoa ni wekundu, mzio wenyewe uko palepale, ndiyo maana unarudi dukani. Chupa baada ya chupa, mtoto anaweza kupata presha ya jicho, hata mtoto wa jicho, katika umri huo. Mpeleke apimwe. Mara nyingi huanzishiwa matone ya mzio kama olopatadini au kromoglikati, na kitambaa cha maji baridi humtuliza. Steroidi akipewa, iwe ya muda mfupi na kwa kufuatiliwa.

Na jicho moja likiwa jekundu, linauma na kukimbia mwanga, hasa baada ya kuchomwa na jani shambani, usimtie tone lolote la steroidi kabla halijaangaliwa. Likiwa na fangasi au virusi vya herpesi, unavilisha.

Nikipona yuveitisi, niache?

Usikate ghafla, uvimbe hurudi. Mara 4 kwa siku, kisha 3, 2, 1, kwa tarehe ulizoandikiwa.