Una siku za kusubiri majibu Chennai? Nenda Kanchipuram, ila usifike saa sita mchana

Mkuu, umeuliza kama inafaa kutoka Chennai kwenda Kanchipuram, mji wa mahekalu kusini mwa India, wakati mama anasubiri majibu ya vipimo, au mbaki gesti mkiangalia feni inavyozunguka. Mimi nilimpeleka mzee wangu kutibiwa hukohuko, daktari akatupa siku nne za kusubiri, na siku ya pili tu tulishachokana. Nenda. Ila usiende kama nilivyokwenda mimi mara ya kwanza.

Siku ile niliamka kwa raha zangu, nikamwacha mzee amelala, nikatoka saa nne asubuhi. Ni kilomita kama 75 tu, lakini foleni ya kutoka Chennai ikanila. Nafika mlangoni kwa hekalu la Ekambareswarar saa sita na nusu, pamefungwa. Kumbe mahekalu ya kusini mwa India hufungwa mchana mpaka saa kumi jioni, miungu nayo inapumzishwa. Jua la mwezi wa tano liko utosini. Akatokea dereva wa bajaji (bajaji hizihizi zetu, kule ndiko kwao) akasema ana sehemu nzuri ya kupumzika. Sehemu yenyewe ilikuwa duka la sari, na nina hakika alikuwa na chake pale. Nilitoka saa tisa nimenunua vitambaa viwili nisivyovihitaji.

Mara ya pili nilikodi gari, tukatoka saa kumi na moja alfajiri na mzee kiti cha nyuma. Njiani mtapita Sriperumbudur, pale Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa zamani wa India, alipouawa kwa bomu Mei 21, 1991. Pana bustani ya kumbukumbu. Saa moja asubuhi tulikuwa Kanchipuram, kumepoa, watu wanafagia barazani na kuchora maua ya unga mweupe mbele ya milango yao.

Mzee wangu ni fundi mwashi mstaafu, mtu wa Tanga, na ni Mwislamu wa swala tano. Aliniuliza kwanza tunakwenda kufanya nini kwenye nyumba za ibada za watu. Nikamwambia kuangalia ujenzi. Akasema, "Ujenzi sawa." Nakueleza hili kwa sababu najua hata kwenu swali hilo litaulizwa. Hakuna atakayekulazimisha kusujudu wala kupakwa kitu usoni. Ukiletewa sahani ya moto na unga mwekundu, weka mkono kifuani, tikisa kichwa kwa heshima, pita. Tena kwenye mahekalu makubwa chumba cha ndani kabisa ni cha Wahindu peke yao, kibao kimeandikwa. Utazunguka nyua na kumbi tu, nazo zinatosha.

Usitegemee kuona kitu kama mahekalu ya mtaa wa Kisutu pale Dar. Wahindi wetu wengi asili yao ni Gujarat, na ujenzi wao ni mwingine. Huku kwa Watamil lango ndilo linalojengwa kama mnara. Lango la Ekambareswarar lina urefu wa karibu mita 59, lilijengwa mwaka 1509 na mfalme Krishnadevaraya wa Vijayanagara. Ndani anaabudiwa mungu Shiva kwa umbo la udongo, kwa hiyo makuhani hawalimwagii maji kama wafanyavyo kwingine. Uani pana mwembe ambao wenyewe wanasema una miaka 3,500 na matawi manne yanayozaa maembe ya ladha nne. Mimi maembe sikuyaonja, siwezi kubisha.

Lakini ukiwa na nafasi ya hekalu moja tu, iwe Kailasanathar. Dereva wetu alitaka kulipita, akisema hakuna watu. Mwambie ndiyo maana unataka kwenda. Lilijengwa na ukoo wa kifalme wa Wapallava, enzi Kanchipuram ilipokuwa makao yao makuu, mnamo mwaka 700, chini ya mfalme Narasimhavarman wa pili aliyejulikana kama Rajasimha. Halina lango refu la kutisha. Ni jiwe la mchanga juu ya msingi wa matale, nyasi kuzunguka, na simba wamesimama kwa miguu ya nyuma kila nguzo. Kuta za ua zimezungushiwa vihekalu 58, vidogo kama vibanda vya mlinzi, na ndani ya baadhi yake yamebaki mabaki ya rangi ya kale: jicho moja hapa, kidole pale.

Kuna njia nyembamba inayozunguka chumba cha ndani, unaingia kwa kutambaa kwenye tundu na kutokea kwenye tundu lingine. Kwao ni kama kuzaliwa upya. Hatukuijaribu, mgongo wa mzee haukuruhusu. Yeye alikuwa anapitisha kidole kwenye viungo vya mawe akitafuta udongo wa kujengea. Tulikaa pale saa nzima na kitu.

Hekalu la Varadharaja Perumal, la mungu Vishnu, liko upande mwingine wa mji na lina umati. Nenda kwa ajili ya ukumbi wa nguzo mia. Pembeni mwa paa lake inaning'inia minyororo ya mawe, pete ndani ya pete, iliyochongwa kutoka jiwe moja bila kuunganishwa. Mzee alisimama chini yake muda mrefu, halafu akauliza, "Ikikatika pete ya mwisho, unaanza upya?" Nikakosa jibu. Kwenye bwawa la hekalu hilo imezamishwa sanamu ya mbao inayotolewa majini mara moja kila miaka 40 na kuonyeshwa kwa siku 48. Ilitolewa mwaka 2019, kwa hiyo zamu ijayo ni 2059. Kuna pia mijusi ya dhahabu na fedha darini, watu wanapanga foleni kuigusa ili waondokewe na mikosi.

Viatu mnaviacha nje, na sakafu ya mawe ikishapata jua inaunguza miguu kama kikaango. Mama avae soksi nzito. Beba sarafu za mtunza viatu.

Chakula hakina shida kwa mgonjwa, hoteli nyingi za karibu na mahekalu hazipiki nyama. Mnapewa wali na michuzi juu ya jani la mgomba, mnakula kwa mkono wa kulia kama nyumbani. Tafuta idli ya Kanchipuram (idli ni kama kitumbua cha mchele kilichopikwa kwa mvuke), ina pilipili manga, bizari na tangawizi, tofauti na ile nyeupe ya Chennai. Halafu Kihindi chako cha kwenye filamu kiache uwanja wa ndege. Huku ni Kitamil, na mji huu ndiko alikozaliwa C. N. Annadurai, yule aliyelibadili jina jimbo la Madras likawa Tamil Nadu. Mimi nilimwamkia mzee mmoja kwa Kihindi, akanijibu kwa Kiingereza, tena cha ukali.

Mkitaka sari ya kweli, msipelekwe na bajaji. Sari ya Kanchipuram ina mji na pindo kama kanga, na ile nzuri pindo lake lina rangi nyingine kabisa, linafumwa na kuunganishwa na mji hukohuko kwenye kitanda cha mfumi, kazi ya watu wawili. Uzi wa dhahabu halisi ni fedha iliyozungushwa kwenye hariri nyekundu kisha ikapakwa dhahabu. Ukiukwaruza kidogo nyekundu inatokea. Vile vitambaa vyangu viwili nilivikwaruza gesti. Ilitokea nyeupe.

Msirudi Chennai kwa njia ileile. Piteni Chengalpattu mpaka Mahabalipuram, kama kilomita 65, mtafika baharini alasiri. Kama ni Novemba hadi Februari, si mbali na njia hiyo kuna Vedanthangal, ziwa la ndege wengi ambao wanavijiji wamewalinda kwa vizazi kwa sababu kinyesi chao kinarutubisha maji ya mashamba. Sisi tulikwenda kiangazi, tukapitiliza.

Mahabalipuram imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1984. Mgeni nilitozwa rupia 600, Mhindi 40, lakini tiketi moja ni ya hekalu la ufukweni na yale magari matano ya mawe, yaani mahekalu yaliyochongwa kwa umbo la magari ya miungu. Ule ukuta mkubwa wa michongo ni bure. Mtafute paka aliyesimama kwa mguu mmoja akijifanya mcha Mungu huku panya wakimzunguka, mzee alicheka mpaka akakohoa. Jiwe la mviringo lililokaa kwenye mteremko bila kuporomoka, wanalolipiga picha sana, mtu wa Mwanza hatalishangaa.

Magari matano ndipo tulipomalizia. Kila moja ni hekalu zima lililochongwa kutoka mwamba mmoja, na hayakuwahi kukamilika. Mzee alilizunguka moja mara mbili, akainama kuangalia chini ambako jiwe bado ni ghafi. "Walianzia juu," akasema. "Wakashuka nalo. Hawakuhitaji jukwaa." Kisha akaenda kukaa kwenye kivuli cha tembo wa jiwe, akavua kofia, akaniuliza kama majibu yanatoka Jumatatu au Jumanne.