Siku Moja Ahmedabad

SWALI: Mhariri, nitamsindikiza mama hospitalini Ahmedabad, India, nami nitapata siku moja tu ya kutembea. Je, nimkodi mwongoza watalii?

JIBU: Ndugu msomaji, mkodi, kwa kuwa vichochoro vya mji huo mkongwe, ulioasisiwa mwaka 1411, humpoteza mgeni upesi. Anzeni asubuhi katika hekalu la Kihindu la Swaminarayan, mtaani Kalupur, mkatokee Msikiti wa Ijumaa, ambako utavua viatu na kukanyaga ua mpana wa mawe (soksi husaidia jua likiwaka). Hata hivyo, muda mrefu zaidi uupe msikiti mdogo wa Sidi Saiyyed, uliojengwa na Mhabeshi mwaka 1573, ambao dirisha lake mojawapo la jiwe limechongwa mti wenye matawi yaliyosokotana, membamba kama darizi ya kofia. Alasiri nendeni Sabarmati, yalikokuwa makazi ya Gandhi, alikotoka kwa miguu mwaka 1930 kwenda kuvunja sheria ya Waingereza iliyowakataza Wahindi kujitengenezea chumvi.